Miruko Kumi ya Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Twiga alipandisha mafurushi ya mashuka mabichi hadi juu ya paa, vidato arobaini na nane, akayaanika. Mama yake alikuwa dobi. Alifulia nyumba tatu za wageni, na chumba chao cha chini kilinukia sabuni na pasi ya moto mwaka mzima. Jina la Twiga alipewa na wenzake wa shule kwa sababu ya urefu. Alikuwa na miaka kumi na minne, na katika timu ya mpira wa pete yeye ndiye aliyekuwa mfungaji na nahodha.

Timu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa hoi. Wachezaji walikuwa saba tu, bila hata mmoja wa akiba, na walikuwa wamefungwa mechi zote nane za msimu. Lakini Jumamosi moja wateuzi wa timu ya vijana wangekuja kutazama, na Twiga alikuwa amesikia kwamba wanamtaka yeye. Akichaguliwa, angepelekwa shule ya michezo. Asipochaguliwa, basi tena, kwa kuwa shule aliyokuwa akienda mwaka uliofuata haikuwa hata na uwanja. Hakuwa na ndoto nyingine.

Na mguu wake wa kulia ulikuwa unauma.

Maumivu yalianza mwezi mzima kabla ya Jumamosi hiyo, chini ya goti, kwenye muundi. Mwanzoni yalikuja akikimbia. Baadaye yakawa yanamwamsha. Aliufunga mguu kwa kipande cha shuka kuukuu, akavuta soksi juu yake, akaufunga na mdomo wake.

Mwalimu wao, ambaye pia aliwafundisha hesabu, alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila Ijumaa kabla ya mechi, mchezaji aliruka mara kumi kwa mguu mmoja, kisha mara kumi kwa mwingine. Aliyekunja uso au kuteremsha mguu hakucheza kesho yake. Kwa kuwa saa hiyo Mwalimu alikuwa bado darasani akisahihisha madaftari, kazi ya kuhesabu iliachwa kwa nahodha, ambaye baadaye alipeleka jibu. Nahodha alihesabu, wenzake wakaruka. Yeye mwenyewe hakuna aliyemhesabia, na hakuna aliyewahi kuliona pengo hilo.

Isipokuwa Sisimizi, mdogo kuliko wote, aliyecheza katikati.

"Na wewe je, nahodha? Mbona huruki?" aliuliza Ijumaa moja, wiki mbili kabla ya wateuzi kuja.

"Mimi nahesabu."

"Basi nikuhesabie mimi."

"Wewe? Mwalimu mwenyewe ameshindwa kukufundisha hesabu!"

Wote waliangua kicheko, hata Sisimizi, na jambo likaishia hapo. Twiga alikwenda hadi mlango wa darasa. "Wote wazima, Mwalimu," alisema. Mwalimu alimshukuru bila kuinua kichwa.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Mama alikuwa akipiga pasi huku masikio yake yako kwenye ngazi.

"Mwanangu, siku hizi unapanda kama bibi kizee," alisema. "Unakanyaga, halafu unangoja. Una nini?"

"Viatu vinanibana, mama."

Mama alivitazama viatu vya michezo vilivyokuwa mlangoni. Kweli vilikuwa vimechanika mbele. Akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi kwenye pasi yake. Tangu siku hiyo alianza kupokea nguo za kupiga pasi hata Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, na Twiga hakuuliza kwa nini.

Jumamosi ya wateuzi, Twiga alicheza akiuma meno. Alifunga mabao tisa. Wateuzi wawili walikaa kwenye benchi wakiandika, na kwa mara ya kwanza msimu ule timu yake ilikuwa inaongoza. Katika robo ya tatu aliruka kuudaka mpira wa juu, akatua kwa mguu wa kulia. Sisimizi, aliyekuwa karibu, alisikia mlio wa kitu kuvunjika.

Wateuzi walikuwa watu wema. Mmoja alimletea maji, mwingine akasaidia kumbeba. Kisha wakafunga madaftari yao.

Hospitalini mama alifika mikono bado inanukia sabuni, kwapani amebana boksi. Alikuwa amepitia madukani akielekea uwanjani, akitaka kumpa mwanawe viatu vipya wakati wa mapumziko.

"Mguu umeanza kuuma lini?" daktari aliuliza.

Twiga alimtazama mama. "Leo."

Daktari aliinua picha ya mguu kwenye mwanga. "Mfupa huu ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Ulikuwa unajaribu kujiunga, wewe ukawa unaukanyagia. Ungekuja mwezi uliopita, ningekupumzisha wiki sita tu. Sasa tunakufanyia upasuaji, tunaweka chuma. Kutembea utatembea. Mambo ya kuruka, binti yangu, sikuahidi."

Twiga alilia kwa sauti, akasema yote: soksi, kipande cha shuka, miruko ya Ijumaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza.

"Uliniambia ni viatu," alisema tu, na boksi likabaki mapajani mwake. Twiga alitamani angechapwa.

Timu ilibakiwa na mechi moja, mwezi mmoja baadaye. Ijumaa ya kabla yake Twiga aliketi kando ya uwanja na magongo yake, mguu wa kushoto una kiatu kipya, wa kulia una plasta. Safari hii Mwalimu alikuja mwenyewe kuhesabu. Sisimizi aliruka, akafika saba, nane, akasimama.

"Kifundo kinauma," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu Jumatano."

Wenzake waliguna. Sasa wangebaki watano. "Basi tumekwisha," mmoja alisema.

"Tumekwisha, ndiyo," Mwalimu alijibu. "Kesho tutafungwa vibaya. Lakini sikilizeni. Twiga alinificha maumivu yake, na mimi nikampa mahali pa kuyafichia, kwa sababu sikumhesabia. Tumekosa sote wawili, ila mguu ni wake peke yake. Mwili ukiuma, sema siku hiyo hiyo. Uongo haukuponyi, unauacha ugonjwa ukue mahali ambapo hakuna wa kukusaidia. Sisimizi, umefanya vizuri. Kakae; ukikipumzisha wiki mbili, kifundo kitapona."

Sisimizi alikwenda kuketi karibu na Twiga, machozi yakimtiririka. Kesho yake walifungwa mabao arobaini na moja kwa matatu, na wawili hao walitazama yote kutoka kwenye benchi lile lile.

Lakini Ijumaa hiyo Twiga alimshika mkono. Hakumwambia kwamba yote yatakuwa sawa. Kwa upande wake mwenyewe hakujua, na alikuwa amechoka kusema asichokijua.

"Cha kwako ni wiki mbili tu," alisema. "Halafu utaruka tena."

"Na wewe?"

Twiga alikitazama kiatu kimoja kipya, kisicho na hata vumbi.

"Mimi nitakuhesabia," alisema.