Tabo Haimsubiri Mtu

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Mlango ulifungwa kwa komeo. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la spea pale Chepilat, hakina dirisha, kinanuka petroli na soksi. Nje akina mama walikuwa wanapigania bei ya ndizi. Ndani watu watatu walichuchumaa wakiangalia chaki ikitembea kwenye simiti.

"Hii ni Kedowa," Kipkurui alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. "Hii ni barabara ya murram, haina lami, inapanda katikati ya majani chai. Alhamisi pikapu ya sako inaleta pesa za chama, bonasi ya wakulima. Iko na dereva na askari mmoja. Arasa anaangusha mti mbele yao. Mimi nawashikia bastola. Arasa anatoa mfuko. Sagini anatutoa huko mbio mpaka Fort Ternan. Tukiingia kwa miwa, hakuna mtu atatuona tena."

"Na gari?" Arasa aliuliza.

Wakamgeukia Sagini.

Sagini alikuwa fundi wa magari, na mkono wake ulijulikana Sotik yote. Mtu kama huyo angekula jasho lake mpaka uzee. Lakini Kipkurui alimwita "injinia". Mara ya kwanza Sagini alicheka. Baadaye akaanza kuitika. Wizi hauanzi na bastola, unaanza na sifa. Ukiona mtoto wako amepata rafiki wa kumsifu kila siku, uliza huyo rafiki anataka nini.

Tena hakuingia peke yake. Alimvuta Arasa, mtoto wa shangazi yake, kijana aliyekuwa akiishi kwa kukata miti na pawasoo, msumeno wa injini. Moureen, mke wa Arasa, alimshika Sagini shati, mtoto mgongoni.

"Unapeleka wapi mume wangu?"

"Kazi, shemeji. Nitamrudisha mwenyewe."

Neno hilo lilimkaa Sagini kooni kama mwiba wa samaki.

"Gari tunayo," Sagini alisema sasa, "lakini injini haina nguvu ya kutosha. Ziko njia mbili. Ya kwanza, tunaiacha ijivutie pumzi yenyewe, bila tabo. Nabadilisha kemshafti, napandisha kompresheni, naweka ekzosi pana. Haitakuwa na nguvu za farasi wengi sana. Lakini ukikanyaga, inaitika hapo hapo. Hata kama gari lilikuwa limesimama. Hata kwa matope."

"Ya pili?"

"Tabo. Moshi unazungusha feni, feni inasukuma hewa kwa injini. Farasi wengi, buda. Lakini inachelewa. Unakanyaga, inakuwa kama imelala, halafu nguvu inakuja yote mara moja. Kwa lami ni tamu. Kwa matope itatutupa."

Kipkurui alicheka. "Injinia, wewe umezaliwa mlimani na hujui mlima? Hewa ya huku juu ni nyembamba. Hiyo yako ya kujivutia itapanda ikihema kama nyanya anatoka mtoni. Weka tabo."

"Tukisimama kumchukua Arasa, tabo italala."

"Nani alisema tutasimama?"

Arasa akacheka peke yake, akidhani ni mzaha.

"Tutapunguza mwendo," Kipkurui alisema. "Ataruka ndani. Si ana miguu?"

"Mimi napinga."

"Pinga, lakini ukifunga nati."

JUMATANO, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Tabo ilikuwa imefungwa. Walijaribu gari kwenye mlima wakiwa watatu, likapanda likilalamika mpaka nguvu ilipokuja. Kisha Kipkurui akamwambia Arasa ashuke akanunue sigara. Wakapanda tena, wawili. Gari likaruka.

"Umeona?" Kipkurui alisema. "Wawili, inapaa. Watatu, inakuwa punda wa maji."

"Arasa ni wa tatu."

"Arasa ni wa mti."

Sagini alielewa. Tabo haikuwa ya kuwakimbia polisi. Ilikuwa ya kumwacha mtu. Angeweza kuacha ufunguo kwenye kiti aende zake, amchukue na binamu yake. Barabara ilikuwa wazi. Lakini alijidanganya kwamba mradi yeye ndiye aliyeshika usukani, hakuna atakayeachwa. Wangapi wameenda na maji kwa hesabu kama hiyo?

ALHAMISI, SAA NANE MCHANA

Mvua ilikuwa imenyesha, kama kawaida ya huku baada ya chakula, ikaacha matope mekundu na anga safi. Wachumaji walikuwa wamerudi shambani, vikapu mgongoni, wanapiga soga. Sauti ya pawasoo haikumshtua mtu. Kila siku kuna mti unakatwa.

Pikapu ilitokea kwenye kona. Mkaratusi ukalia, ukainama, ukalala barabarani. Upande wa juu wa mti Sagini alikuwa kwenye usukani, gari limeelekea mlimani.

Kipkurui alikuwa tayari ameruka gogo. "Mikono juu! Bunduki tupa mtaroni! Wewe dereva, lala!"

Arasa alichomoa mfuko, akarudi mbio hadi kwenye gogo.

"Rusha!" Kipkurui alikuwa ameshavuka. Arasa akarusha. Kipkurui akadaka, akakimbilia gari, akajitupa ndani.

Arasa akapanda gogo. Ganda la mkaratusi likilowa ni sabuni. Mguu uliteleza ukaingia katikati ya matawi, mwili ukaanguka upande mwingine. Sagini alisikia mlio wa mfupa, na injini inanguruma.

"Endesha!"

Akakanyaga. Mguu ulitii kabla kichwa hakijafikiri. Injini ikalala, ikalala, halafu farasi wote wakaamka pamoja. Nyuma ya gari kukatupwa kushoto, kukatupwa kulia. Kwenye kioo aliona Arasa akizidi kuwa mdogo, mkono mmoja hewani.

Sagini akatoa mguu. Tabo ikatema hewa, pshhh. Gari likasimama.

"Wewe! Nini?" Mdomo wa bastola ulimgusa shingoni, baridi.

"Arasa."

"Mzigo umeingia!"

"Mzigo, ndiyo. Mtu bado."

"Nitakupasua kichwa."

"Pasua. Wachumaji wote watageuka waone ni nani amepiga. Halafu uendeshe mwenyewe. Si wewe ndiye unajua tabo?"

Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akautupa mbali katikati ya majani chai.

"Nenda ukachume."

Kitako cha bastola kilimpasua juu ya jicho. Damu ikashuka mpaka mdomoni, lakini hakuinua mkono. Huko chini dereva wa sako alikuwa ameinuka, amelalia honi. Wachumaji wakageuka. Kipkurui akatazama barabara, akatazama mfuko, akaukumbatia, akaingia kwenye chai akikimbia.

Lakini majani chai hayafichi mtu. Yamekatwa sawa kama meza, yanakufikia kiunoni, na matawi yake yanashikana mguu usipite. Mwizi humo ndani ni kama mbuzi juu ya kitanda, kila mtu anamwona.

"Mwizi! Mwizi na bonasi yetu!"

Walimfuata kwa vijia wanavyovijua wao. Alipiga risasi moja juu, wakainama, wakaendelea. Alipoanguka wakamfikia, na hakuinuka mwenyewe.

Sagini alishuka mlima polepole, jicho moja limezibwa na damu. Arasa alikuwa amejikunja kando ya gogo, meno yanagongana.

"Mbona umerudi, mjinga? Ungeenda!"

"Nyamaza. Shika shingo."

Alimbeba mgongoni. Askari wa sako alikuwa ameokota bunduki yake mtaroni, sasa anawaelekezea.

"Laleni chini! Wote wawili!"

"Huyu amevunjika mguu, afande. Hawezi. Na mimi nikilala, ataanguka."

"Nitapiga!"

"Leo kila mtu ananiambia hivyo."

Hakulala. Alisimama pale na mzigo wake mpaka Landkruza ya polisi ilipofika kutoka Kedowa. Walimtoa Arasa mgongoni wakamweka kwenye nyasi, wakamfunga Sagini pingu, wakafungua mlango wa nyuma.

"Panda, jambazi."

"Huyu kwanza. Hospitali."

"Unatupangia kazi? Panda!"

"Mtanifunga miaka mnayotaka, sikatai. Lakini mimi sipandi kabla yake."

Kofi likatua. Kisha lingine. Wachumaji walikuwa wamezunguka, vikapu bado mgongoni, na hakuna aliyemhurumia, maana ilikuwa jasho lao. Sagini akatema damu kwenye matope, akapanua miguu, akasimama.

Mwishowe polisi wawili wakainama, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakampakia Arasa.

Ndipo akapanda.