Mshikaki wa Kwanza

"Usigeuzegeuze, mwanangu. Nyama si mtoto wa kubembelezwa."

Bi Mwanakombo alisema hivyo akiwa ameegemea mlango. Mumewe alikuwa askari wa Wadachi pale bomani Arusha, naye alimfuata kutoka Tanga mpaka kwenye baridi hii ya Meru akiwa na seredani yake ya makaa kichwani. Ndiye aliyempa Simaloi, binti wa huku huku, pa kulala alipomkimbia baba yake. Ndiye pia aliyemfundisha kuroweka nyama kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha kuitunga kwenye vijiti.

Simaloi alipepea makaa. Nje manyunyu hayakukatika tangu asubuhi, na mlima haukuonekana.

"Baba yako katuma mtu tena. Kesho anakuja mwenyewe. Anasema Sumari amechoka kungoja."

"Mimi ni wa Lemburis, Bi."

"Na huyo Lemburis anakuoa lini?"

"Wazee wakiwaachilia. Bado ni murani."

"Miaka nenda, miaka rudi, murani, murani!"

Desturi za huku hazikuwahi kumwingia Bi Mwanakombo. Murani, kijana wa vita, hali nyama iliyoonwa na mwanamke. Kila Lemburis alipokuta nyama motoni, alikaa barazani, akawapa mgongo, akanywa maziwa yake. Siku wazee wakimwachilia kutoka umurani, mkewe humlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake, na tangu hapo hula nyama nyumbani kama mume. Kipande hicho Lemburis alimwahidi Simaloi. Kwa ahadi hiyo alimkataa Sumari na kugombana na baba yake.

"Hodi!"

Lemburis aliingia akitetemeka, amelowa chapachapa. Alikuwa amebeba ngozi tangu alfajiri kuzileta bomani. Akachuchumaa moja kwa moja kando ya seredani.

"Pole na mvua," Simaloi alisema.

"Hii si mvua, ni adhabu. Harufu yenu nimeipata tangu mtoni."

"Kesho baba anakuja kunichukua. Nimwambie nini?"

"Mwambie angoje. Wazee hawajatuachilia, mimi nifanyeje? Vumilia kidogo, mke wangu."

Alisema hayo huku mkono unakwenda wenyewe. Akatwaa mshikaki, akavuta kipande kwa meno, akatafuna, akavuta cha pili.

"Pilipili imezidi kidogo," akasema.

Kipepeo cha makaa kilisimama mkononi mwa Simaloi. Bi Mwanakombo, yeye aliona mtu mwenye njaa tu.

"Ongeza, baba, zipo nyingi."

"Lemburis," Simaloi aliita taratibu. "Unakula nyama."

Taya lilisimama. Hakumeza wala hakutema.

"Nani alikulisha?"

"Nina njaa, Simaloi, nimelowa, nimejisahau..."

"Murani hajisahau. Angekufa njaa hapo hapo. Nakuuliza, nani alikulisha cha kwanza?"

Mafuta yalidondoka, makaa yakalia chwaa.

"Naeku," alisema mwishowe. "Baba yangu ndiye aliyemleta. Sikuwa na la kusema."

"Kwangu ulikuwa nalo kila ulipokuja."

"Niliogopa utakwenda kwa Sumari. Lakini bado naweza kukuoa. Uwe wa pili..."

"Kuwa wa pili kwetu si aibu. Ungeniambia, huenda ningekubali. Wewe umeniacha nimngoje mtu aliyekwisha kula."

Alikuwa anaumia, na hakujaribu kuficha. Aliiepua mishikaki, akaifunga kwenye jani la mgomba, akamwekea mapajani.

"Mpelekee Naeku. Mwambie mume wake namrudisha ameshiba."

"Simaloi..."

"Mvua inazidi. Nenda."

Akaenda. Bi Mwanakombo alishusha pumzi.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

"Yake ilikuwa ndefu, Bi. Nimeitembea mimi."

"Na kesho? Baba yako akija?"

"Aje."

"Utakwenda kwa Sumari?"

"Sijui, Bi. Leo usiniulize."

Mshikaki mmoja ulikuwa umebaki pembeni ya seredani. Simaloi akauchukua, akatoka barazani, akakaa pale pale Lemburis alipozoea kukaa. Akaipa nyumba mgongo, akala peke yake.