Mkono Uliokataa Chanjo

"Haijashika tena."

Kagaruki, mchanjaji kutoka Bukoba mjini, aliugeuza mkono wa Theopista kwenye mwanga. Pale alipomchoma juma lililopita ngozi ilikuwa laini, kana kwamba sindano haikupita kabisa. Wenzake wote waliochanjwa kwa chupa ile ile walikuwa wamevimba na kutoka vipele vilivyojaa maji. Yeye hata kujikuna hakujikuna.

"Ndugu mganga, niache nivuke hivyo hivyo."

"Sikuachi. Kule kuna ndui, dada."

"Mume wangu yuko kule!"

"Ndiyo maana nataka umfikie ukiwa mzima."

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Uvumi kwamba ndui imeingia kambi ya wavuvi kisiwani Goziba ulipofika Muleba, mitumbwi yote ilizuiwa. Haendi mtu ila mwenye chanjo iliyoshika, na aliyeko kule harudi. Theopista alipopata habari hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka kutoka Buganguzi na mama mkwe wake, Georgina, wakafikia kwa ndugu jirani na mwalo wa mitumbwi.

Hofu ya ndui ilikuwa moja. Iliyomla zaidi ni maneno yake mwenyewe. Siku Rugaibula alipobeba nyavu kwenda kisiwani, Theopista alisimama mlangoni akamwambia, "Kama nyumba hii imekushinda, nenda. Na usirudi." Rugaibula akaenda, hakugeuka. Sasa kila akifumba macho anamwona amelala kwenye mchanga wa Goziba, na neno la mwisho alilolisikia kwa mkewe ni lile.

Kagaruki alimtazama vizuri. "Unalala?"

"Nitalalaje?"

"Chakula je?"

Georgina akadakia. "Chakula gani, waitu! Anaonja olubisi ya ndizi kidogo, basi. Huyu amebaki macho tu."

Kagaruki akakaa kwenye sanduku lake la dawa. "Sikiliza, dada. Dawa ikiharibika kwa joto, haishiki. Sindano ikipita juu juu, haishiki. Kwako si hivyo, naamini. Chanjo ni kuupigia mwili mbiu ya mgambo: adui anakuja, jiandae. Lakini mwili wako uko vitani tayari. Hauisikii mbiu."

"Kwa hiyo ni mimi ninayeikataa?"

"Si wewe. Ni huzuni. Nimeona wagonjwa wenye moyo mzito, hata kidonda chao huchelewa kupona. Siwezi kukuapia. Ila ukishakula na kulala, nitakuchanja tena."

"Nitalala nikimwona."

"Na utamwona ukilala."

Theopista akateremsha mkono wa gauni lake, akatoka bila kuaga.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kwenda na kurudi, Zahoro, nahodha wa mtumbwi wa chakula, aliyechanjwa zamani na kovu analo. Georgina alimfuata akipakia magunia ya unga.

"Zahoro mwanangu, waweza kubeba maneno?"

"Maneno hayazamishi mtumbwi, mama. Ya nani?"

Theopista akasogea. Alikuwa amepanga mengi, yote yakampotea. "Mwambie Rugaibula, nililosema mlangoni nimelifuta."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Zahoro aliporudi walimpokea majini, vitenge vikilowa.

"Mzima!" alipaza sauti kabla hajaulizwa. "Alichanjwa akiwa shuleni, kwa hiyo ndiye anayewanywesha uji wagonjwa. Asingeweza kuondoka hata angeruhusiwa."

Theopista akashika ubavu wa mtumbwi. "Na ujumbe wangu?"

Zahoro akakuna shingo. "Shemeji, mimi sipendi kuvunja nyumba za watu."

"Sema."

"Amesema kila jioni anamtaja Alistidia. Amesema huyo ndiye aliyemtoa nyumbani. Nikamwambia, bwana, ujumbe gani huu wa kumpelekea mke? Akasema wewe mfikishie hivyo hivyo. Sasa... huyo Alistidia ndiye nani? Mwenzio?"

Theopista aliuachia mtumbwi. Georgina akamshika kiunoni.

"Ni mtoto wao," alisema kikongwe. "Aliishi siku chache tu. Tulimzika mgombani, nyuma ya nyumba. Toka siku hiyo hakuna aliyelitaja jina lake pale kwetu."

Zahoro akavua kofia. "Nisameheni. Sikujua."

"Usiombe radhi," Theopista alisema. "Rudia alivyosema. Usipunguze."

Zahoro akatazama ziwani, akasema polepole kama anayesoma somo la kanisa, ingawa yeye alikuwa mtu wa msikitini. "Alisema: 'Mwambie sikumkimbia yeye. Nikitoka mlangoni naona kaburi, nikiingia ndani naona macho ya mtoto usoni mwake. Nilikosa pa kulia, mwanamume mzima. Huku ziwani hakuna anayeniona.'"

Theopista alilia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Siku ile wanawake walimwambia nyamaza, utapata mwingine, naye akanyamaza. Sasa Georgina alimlaza kichwa mapajani pake mchangani, wala hakumnyamazisha.

"Mae, mama yangu," alisema kati ya kwikwi, "nilidhani amenichoka."

"Nami nilidhani tukimtaja mtoto tutakuumiza. Lia, mwanangu."

Usiku huo alilala. Kulipokucha jua lilipanda na yeye bado amelala, Georgina akiwafukuza kuku mlangoni wasimwamshe. Alipoamka aliomba chakula mwenyewe, akala ndizi na maharage, akaomba tena.

Zahoro alivuka na jibu la Theopista: "Mwambie asilie peke yake. Aningoje."

Akarudi na jingine, uso ameuficha. "Amesema... aa, shemeji, amesema anakupenda. Amenifanya nirudie mbele yake mara mbili nisikosee. Mtu mzima mimi, mbele ya wavuvi!"

Theopista akacheka hadi akajishika mbavu. Georgina alipousikia mcheko huo akaenda kumwita Kagaruki.

Safari hii mkono uliwasha, ukavimba. Kipele kikainuka, kikajaa, homa ikampanda, kwapa likamuuma. Kagaruki alipofunua alipiga paja lake.

"Imeshika!"

"Inauma, ndugu mganga."

"Iache iume!"

Georgina akapiga vigelegele, watu wa mwaloni wakaja mbio kuuliza nani ameolewa. Wakaonyeshwa jipu.

"Ni usingizi ulioponya?" Georgina aliuliza.

"Au chupa mpya iliyokuja na barafu kutoka Bukoba," Kagaruki alijibu. "Lakini mimi naona usingizi una sehemu yake."

Homa ilipoisha, Theopista akavuka na Zahoro. Rugaibula alikuwa ufukweni, amekonda, ndevu zimemjaa. Aliingia majini hadi kiunoni akaushika mtumbwi.

"Nilikwambia usirudi," Theopista alianza.

"Nilisikia."

"Sasa nakwambia turudi nyumbani."

"Wagonjwa bado wapo, Theo."

"Basi nionyeshe uji uko wapi."

Alijifunga kitenge, akaingia kwenye banda la wagonjwa. Siku zote za zuio walihudumia pamoja, na jioni walikaa kwenye mawe wakizungumza juu ya binti yao: vidole vyake, kilio chake, jinsi alivyomkamata baba kidole. Baadaye wengine walisema haikuwa ndui, ni tetekuwanga kali tu. Wao hawakubishana na mtu.

Waliporudi Buganguzi, Rugaibula alisimama uani, akashindwa kuzunguka nyumba.

"Twende wote," Theopista alisema, akampa mkono.

Wakaketi mgombani, kwenye majani makavu. Rugaibula akalia kwa sauti, mchana kweupe, mkewe amemwegemea. Majirani wakasikia. Wakaja mmoja mmoja, wakaketi nao, na safari hii hakuna aliyesema nyamaza.