Kiti ya Lornah Ilibaki Tupu

Chumba ya kuosha damu ilikuwa imejaa, wagonjwa kwa foleni ya mizani, manesi wakiita majina. Mama Lornah, mjane wa Kaloleni, alikuwa amevaa kitenge ya kijani. Alipopanda mizani, mzee nyuma yake akachungulia.

"Mama, umekunywa ziwa yote? Utuachie kidogo."

"Angalia kilo zako, Mzee."

Huyo alikuwa Ondiek, aliyeuza samaki Asembo Bay mpaka figo zikakataa. Walipewa viti jirani. Mashine ikizunguka, wakabishana juu ya chai ambayo wote walikatazwa kunywa mingi. Tangu hapo, kila Jumatatu na Alhamisi Ondiek alikuja na koti safi. Jioni anapiga simu.

"Jaber, miguu imefura?"

"Haijafura. Na usiniite mrembo, niko na wajukuu."

Alhamisi moja kiti ya Lornah ilikuwa tupu. Pale hakuna mtu huuliza juu ya kiti tupu. Wanaangalia chini tu, maana mara nyingi ni kifo. Ondiek pia hakuuliza. Jioni simu ikalia: Lornah. Akadhani ni binti wa Lornah, Debra, anataka kutangaza msiba. Akazima simu.

Kumbe Lornah alihamishwa tu, sasa ni Jumanne na Ijumaa. Alipiga, akapiga, akachoka.

"Amepata mwingine," akamwambia Debra.

"Mum, mzee wa dialysis atapata nani?"

"Wamama ni wengi kwa hiyo chumba."

Jumamosi iliyofuata Ondiek akavaa suti nyeusi, akabeba sukari ya matanga, akaenda Kaloleni. Akagonga. Lornah mwenyewe akafungua.

"Umefiwa na nani?" Lornah akauliza.

"Na wewe."

"Mimi? Si nilikupigia simu?"

"Niliogopa kusikia sauti ya mtu mwingine."

Lornah alitaka kumfukuza, akataka kucheka, machozi nayo ikatoka bila ruhusa.

"Yaani umenizika bila kuniambia."

"Nitaomba sista anihamishe siku zako."

"Na wakitutenganisha tena?"

"Basi nikuoe. Mtu akitaka kukuhamisha, aniulize kwanza."

"Asubuhi nilikuwa maiti, saa hii ni bibi?"

"Nimeshaonja kukukosa, Jaber. Sitaki tena."

Lornah akamshika ule mkono haujatobolewa sindano, akamvuta.

"Ingia haraka. Majirani wakiona hiyo suti watakuja kulia."