Baada ya Kusema Nzuri

Jua la Dodoma lilikuwa halijapata nguvu, lakini Msalimu, mashine ya kulisalimia jiji, alikuwa kazini tayari. Kila mlango wa jiji ulikuwa na nguzo yake nyembamba ya bluu, na kila mtu akitoka, nguzo inawasha taa na kumwita kwa jina.

"Habari za asubuhi, Mama Mboje?"

"Nzuri."

"Siku njema!"

Taa inazima, basi. Ndani ya nguzo kulikuwa na kifaa kinaitwa kipimahali. Chenyewe kinalichukua lile jibu na kulirusha kwenye Mnara wa Hali, pale katikati ya jiji. Nyumba ikijibu vibaya, kitaa chake mnarani kinakuwa chekundu, na mshauri nasaha anatumwa. Ikijibu vizuri, kinakuwa kijani. Mnara wa Dodoma ulikuwa kijani toka chini mpaka juu. Wageni walitoka mbali kuja kuupiga picha.

Halafu Msalimu alikuwa na sauti tamu jamani. Sauti ya mama anayekufunga vifungo vya shati usichelewe shule. Na kweli ilikuwa ya mama wa mtu. Ilikuwa ya mama yake Nyemo.

Mama huyo, Mwalimu Sechelela, alikuwa amefundisha chekechea maisha yake yote. Wahandisi walipotafuta sauti ya kulisalimia jiji, wakamchagua yeye. Wakamweka kwenye chumba chenye sponji ukutani, akasoma maneno mpaka koo likakauka, wakampa cheti na doti ya kanga. Mtaa mzima ulipiga vigelegele.

Kumbe. Mwezi haujaisha, Mwalimu akaenda sokoni kununua zabibu.

"Habari za asubuhi, baba?" akamsalimia muuzaji, kijana anaitwa Chilewa.

"Nzuri," Chilewa akajibu bila kuinua macho, akaendelea kupanga zabibu zake.

"Nipimie kilo moja."

Chilewa akaruka. "Khaa! Kumbe mtu!"

Soko zima likacheka. Watoto wakamfuata nyuma, "Msalimu katembea! Msalimu kavaa kanga!" Siku hiyo na yeye mwenyewe alicheka. Lakini ikawa kila akifungua mdomo, watu wanamjibu kama wanavyoijibu nguzo, na kupita. Akaanza kununua vitu kwa kunyoosha kidole. Baadaye akaacha kutoka kabisa. Neno lake likabaki moja tu, kwa yeyote anayemsalimia. Asubuhi anafungua mlango kufagia kizingiti. Sauti yake mwenyewe inamuuliza habari, na yeye anaijibu, "Nzuri."

Mnarani, nyumba yao ilikuwa kijani kibichi.

Nyemo alikuwa fundi wa nguzo hizo hizo. Alikuwa msichana mwenye aibu, yaani hata kuomba chumvi mezani anajipanga kwanza. Hakutaka kupandishwa cheo wala nini. Alitaka amsikie mama yake akipiga soga tena, basi.

Siku moja bosi wao, Injinia Mgawe, akamwita.

"Nyemo, tunaanzisha podikasti."

"Ya nini, Injinia?"

"Ya furaha! Afya ya akili! Watu wote siku hizi wana kitu masikioni, na sisi tunaingia humo humo. Msalimu atatangaza, wewe utaandika."

"Mimi?"

"Usitetemeke, hutaongea. Kuongea ni kazi ya mama yako." Akacheka peke yake.

Nyemo akaandika. Kunywa maji, tabasamu kwenye kioo, kumbuka mazuri uliyonayo. Kipindi kikapitishwa kwenye kifutaukimya, mashine inayokata kila kikohozi, kila pumzi na kila mahali palipo kimya. Kikatoka laini kama sabuni, na watu wakakizima. Mmoja akaandika mtandaoni, "Msalimu wa mlangoni ananitosha. Sasa anataka anifuate mpaka bafuni?"

Nyemo alitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake alikuwa mtaa wa Makole, amechuchumaa nyuma ya nguzo akiisafisha vumbi. Mzee Lubeleje, dereva mstaafu, akatoka nje na hakumwona.

"Habari za asubuhi, Mzee Lubeleje?"

"Nzuri, mama. Nzuri tu."

"Siku njema!"

Taa ikazima. Mzee hakuondoka. Alisimama pale, kofia mkononi.

"Ila mke wangu leo kakataa uji tena," akaiambia nguzo. "Anaangalia ukuta tu. Mimi sijui nifanyeje."

Akasubiri kidogo. Kisha akavaa kofia, akarudi ndani.

Kwenye kiganja cha Nyemo, kipimahali alichokuwa amekivuta nje ya nguzo akisafisha kilikuwa kimeshaandika: kijani.

Kwani hapa kwetu nani anaanza na shida? Hata mtu akitoka kuzika, ukimuuliza habari anakwambia nzuri, maana si adabu kumtupia mwenzako mzigo mlangoni. Anasema nzuri kwanza. Halafu akiona bado umesimama, ndiyo anasema ile "ila" yake. Kipimahali kilikuwa kinachukua neno la kwanza na kufunga sikio.

Nyemo akamkimbilia Injinia Mgawe.

"Ndiyo, tulikiweka kifunge sikio mapema," Injinia akasema. "Kingemsikiliza kila mtu, nani angewahi kazini?"

"Kwa hiyo Mnara..."

"Mnara unaonyesha watu walichosema."

"Unaonyesha salamu tu, Injinia."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumbishia mtu mzima. Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lakini Nyemo hakuwa anamfikiria Injinia. Alikuwa anafikiria mlango wa kwao, na ile "Nzuri" ya kila asubuhi. Hata yeye akirudi kutoka kazini huwa anauliza habari, anajibiwa, anakimbilia jikoni.

Jioni alimkuta mama yake anamenya karanga.

"Shikamoo, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nyemo akakaa naye mkekani, akachota karanga na yeye.

"Habari za leo, mama?"

"Nzuri."

Nyemo hakuinuka. Akamenya. Maganda yakalia, karanga zikadondoka kwenye sinia. Ukimya ukawa mrefu mpaka ukaanza kumwasha mgongoni. Akajizuia.

"Ila," mama akasema.

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Ila watu wanaipenda sauti yangu, na mimi hawanitaki. Najua ni ujinga. Niliitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono."

"Si ujinga, mama."

"Nyamaza, sijamaliza!"

Nyemo karibu acheke kwa furaha. Mama akaongea. Akamsema Chilewa, akawasema wale watoto, akalia, akamsema Chilewa tena. Walipokuja kushtuka, walikuwa wamemenya mpaka karanga za mbegu.

"Mama," Nyemo akasema, "twende ukatangaze wewe. Ile podikasti."

"Watasema ni nguzo."

"Wakisema, kohoa."

Mwalimu Sechelela akamwangalia binti yake, halafu akapasuka kicheko. Kicheko chenyewe, kile cha zamani.

Siku ya kurekodi, Nyemo alichomoa waya wa kifutaukimya, kipindi kikaruka moja kwa moja. Mgeni wa kwanza alikuwa Mzee Lubeleje. Nyemo alikwenda kumwomba mwenyewe, na mke wake akakubali yasemwe.

"Habari za nyumbani, mzee?" Mwalimu akauliza.

"Nzuri tu, mwalimu."

Kimya. Jiji zima watu wakagusa vifaa vyao masikioni, wakidhani vimeharibika. Wakasikia kikohozi. Wakasikia mama anacheka, "Jamani vumbi la Dodoma hili." Kisha kimya tena, na mtu anasubiri ndani yake.

"Ila..." Mzee akasema.

Kipindi hakijaisha, mshauri nasaha aliyekuwa anakisikiliza akavaa viatu akaenda Makole. Injinia Mgawe aliagiza nguzo zichelewe kufunga masikio. Polepole Mnara ukaanza kuwa na manjano hapa, wekundu pale. "Sasa wageni watapiga picha ya nini?" akalalamika. Lakini hakuagiza nguzo zirudishwe kama zamani.

Na Jumamosi Mwalimu Sechelela akajifunga kanga yake, ile ile aliyopewa. Nyemo akabeba kikapu. Sokoni Chilewa alikuwa ameinamia zabibu zake.

"Habari za asubuhi, baba?"

"Nzuri," Chilewa akajibu bila kuinua macho.

Nyemo akamwangalia mama yake. Mama hakuondoka, na hakunyoosha kidole. Alisimama tu, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mtoto wa chekechea aliyekuja shule bila kunywa chai.

Mikono ya Chilewa ikapunguza mwendo. Akainua macho, akamtambua, na aibu ikamjaa usoni. Kisha akakiweka chini kichala cha zabibu alichokishika.

"Ila, mwalimu..." akasema.

Mwalimu Sechelela akavuta kreti, akakaa.