Sauti ya Ahmada kwenye Kompyuta Ndogo

Asubuhi ya Ijumaa, Bi Mize huenda shamba mapema. Huchimba muhogo wa kutosha nyumba, akarudi kijijini kwake Kengeja kupika. Muhogo ukishaiva kwa nazi, watu wakishasali na kula, mkeka hutandikwa chumbani. Halafu wote hukaa kumsikiliza Ahmada.

Ahmada alikuwa mume wa Bi Mize. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kicheko chake kilikuwa karibu. Alikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, ya bei nafuu, nyepesi kama sinia la bati. Kila jioni aliifungua akajirekodi. Alisimulia vituko vya utotoni mwake, akacheka mwenyewe kabla kisa hakijafika mwisho.

"Wazungumza na nani?" watu walimuuliza.

"Na wajukuu zangu," alijibu. "Bado hawajaja, lakini mazungumzo yao tayari."

Binti yake mdogo, Kulthum, aliachwa angali ananyonya. Sura ya baba yake haikumbuki. Anaijua sauti tu.

Kwa hiyo Bi Mize aliienzi kompyuta ile kupita kiasi. Wiki nzima ilikaa ndani ya kasha, katikati ya nguo. Ijumaa aliitoa, akailaza juu ya mto wa sufi, akaifunika kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake. Nyumbani humo kila kitu cha thamani kilikuwa na kitambaa chake, kuanzia redio hadi friji. Kisha alitia udi kwenye chetezo, akakiweka ubavuni mwa kompyuta, moshi uipate vizuri. Ahmada alipenda udi.

Ijumaa moja Ahmada alikuwa katikati ya kisa cha mbuzi aliyeingia kwenye harusi.

"Mbuzi akatazama kulia," sauti ilisema chini ya kitambaa. "Akatazama kushoto. Akaliona sinia la biriani..."

Kimya.

"Baba kanyamaza," alisema Kulthum.

Bi Mize aliinua kitambaa. Kioo kilikuwa cheusi. Akaigusa kompyuta, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Bi Asya, mama yake Ahmada, alisogea kwenye mkeka. "Ina homa hiyo. Leteni kitambaa na maji baridi, tuikande."

Nusaiba, binti mkubwa, aliruka. "Bibi! Usiitie maji, utaimaliza!"

"Nimewakanda watoto wangu wote miye, na hakuna aliyemalizika."

"Hao hawakuwa na umeme ndani, bibi!"

Bi Mize alibonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kikawaka, kikazima. Akabonyeza tena. Safari hii hakikuwaka kabisa.

"Mama," Nusaiba aliuliza polepole, "visa vya baba viko pahala pengine?"

Bi Mize alitikisa kichwa. Vilikuwa humo humo tu. Alimtazama Kulthum, naye Kulthum alikuwa bado ameitazama kompyuta, akimngoja mbuzi.

Bi Mize aliifunga kompyuta kwa kanga, akaenda kwa jirani yake Yumna. Yumna anafundisha kompyuta skuli, na mtaa mzima humpelekea simu zikigoma.

"Hodi! Hodi, Yumna!"

"Karibu, shoga. Kuna nini? Mbona wahema?"

"Ahmada kakatika kauli."

Yumna alishtuka. Alipoona kanga imefunguliwa ndipo alipoelewa. "Ee Mola, umenitisha! Haya, mlaze mgonjwa hapa mezani. Na mbona umemvisha kama bibi harusi?"

Hakuigusa mara moja. "Kwanza ipoe," alisema. "Kitu kilichopata moto hakilazimishwi kuwaka. Kila ukibonyeza, waidhuru."

Waliingoja. Bi Mize hakuweza kukaa. Ilipopoa, Yumna alihakikisha imezimwa na haina waya wa umeme, akachukua bisibisi ndogo, akaifungua mgongoni. Mara akarudi nyuma akicheka.

"Mize! Feni ya kompyuta yako yanukia harusi nzima! Wachoma udi wapi weye?"

"Pale pale ubavuni mwake," alisema Bi Mize kwa haya.

"Hebu tazama." Yumna alimwonesha feni ndogo, haizidi mfuniko wa chupa ya chai. Jivu la kijivu lilikuwa limeganda juu yake, limeshikana na utando wa moshi. "Feni hii yavuta hewa kupitia matundu haya ya chini, iipoze kompyuta. Weye umeilaza juu ya mto, matundu yakazibika. Ukaifunika kitambaa, joto likakosa pa kutokea. Ile hewa kidogo iliyobaki ukaitia moshi na jivu. Ilipozidiwa na joto ikajizima. Imejiokoa yenyewe, maskini."

"Nami nikidhani namheshimu marehemu."

"Ulimheshimu, wallahi. Lakini heshima ya chombo hiki ni hewa."

"Imekufa?"

"Sijui bado," alisema Yumna. "Sitaki kukudanganya."

Alichukua brashi laini, akaishika feni isizunguke, akatoa jivu taratibu huku akizungumza. "Kompyuta hizi ndogo za bei nafuu zina ndugu wengi. Iko ya kukunja kama hii. Iko tableti, yatumiwa kwa kidole. Nyengine ni kiboksi tu, unakiunganisha na televisheni. Zatufaa sana, hazili umeme mwingi na hazina uzito. Lakini ni ndogo, kwa hiyo joto halina pa kwenda. Nyengine hata feni hazina. Ziweke juu ya kitu kigumu kama meza, pahala penye upepo. Usizifunike zikiwa zinafanya kazi."

"Na udi?"

"Choma, nani atakukataza? Choma chumba chengine!"

Yumna alirudisha skrubu zote, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Wakakitazama wote wawili. Hakikuzima.

"Alhamdulillahi!" Bi Mize alinyosha mkono. "Nifungulie nimsikie."

Yumna aliushika mkono ule. "Si sasa. Kwanza tunakili. Leo imewaka, kesho hatuijui."

Alichomeka flashi, akanakili visa vyote. Akanakili tena kwenye flashi ya pili. Nusaiba alikuwa ameshafika, naye akatiliwa visa hivyo kwenye simu yake.

"Zote hizo za nini?" Bi Mize aliuliza.

"Flashi moja ikipotea, nyengine ipo. Na ya pili isikae kwako. Unaye wifi yako Kisiwa Panza, mpelekee. Nyumba yako ikivuja, ya Panza haitavuja. Sasa tusikilize, lakini kutoka kwenye flashi. Nakala usiyoijaribu si nakala."

Yumna alibonyeza.

"...akaliona sinia la biriani," alisema Ahmada. "Akasema moyoni, mwaliko huu haukunitaja jina, lakini haukunikataza!" Halafu kikaja kile kicheko, kirefu, mpaka akakohoa.

Bi Mize alicheka naye. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Tangu siku ile kompyuta inakaa juu ya meza, karibu na dirisha. Ikimaliza kazi huzimwa, ikipoa ndipo hufunikwa kwa ajili ya vumbi. Haijapata moto tena. Wifi wa Kisiwa Panza naye huwasikilizisha watoto wake, na amewahi kupiga simu kulalamika kuwa hawalali kwa kucheka.

Wiki hii Bi Mize alikaa mezani peke yake. Alimwuliza Nusaiba namna ya kurekodi, akabonyeza, akaona haya. Kisha akaanza. Alisimulia siku aliyozaliwa Kulthum, mvua ilivyokuwa kubwa, na Ahmada alivyokwenda mbio kumwita mkunga akiwa amevaa kiatu kimoja.

Alipomaliza, alimwita Kulthum amsikilizishe. Mtoto aliitazama kompyuta, akamtazama mama yake aliyefunga mdomo, akaitazama kompyuta tena.

"Mama wawili!" alipiga kelele.

"Mmoja alitutosha!" alijibu Bi Asya kutoka ukumbini. "Haya, mpisheni mkubwa wenu akae hapo, naye arekodi. Hicho kiatu kimoja alikivaa Ahmada, lakini cha pili alikitupa wapi, najua miye."

Bi Mize akampisha kiti.