Gauni Lililotoka Angani

Wewe, ungekubali binti yako aolewe amevaa parachuti?

Usikunje uso. Huko Nebraska, baada ya vita vikuu, wanawali wengi waliolewa hivyo na wakaonewa wivu. Hariri haikuwapo madukani, na rubani aliyerudi mzima na mwavuli wake kwapani alikuwa ameleta nguo na hadithi kwa mpigo mmoja. Emery Sandahl, aliyerusha ndege ya mabomu, alirudi na vyote viwili. Mchumba wake Inez akaukata ule mwavuli, akaushona gauni, akaolewa nalo Oktoba ya 1945. Tangu siku hiyo halikuvaliwa tena.

Miaka arobaini na minne baadaye binti yao Verna alilitoa kwenye sanduku la bati lililokaa darini. Verna alikuwa mtunza kumbukumbu wa maktaba ya wilaya, mjane mwenye shahada mbili na subira ndogo kwa porojo. Alikuwa amejipa kazi ya kuhifadhi vitu vya vita vya baba yake kabla nondo na panya hawajamtangulia: koti la ngozi lenye mabomu ishirini na saba yaliyochorwa mgongoni, bomu moja kwa kila safari, daftari la urubani, kipande cha chuma cha kombora ambacho mzee alikiweka kwenye chupa ya jamu kama achari. Kila kimoja alikivalia glavu za pamba na kukifunga kwa karatasi isiyo na asidi. Gauni aliliacha la mwisho, kwa sababu mwanawe Maren alitaka kuolewa nalo Jumamosi.

Hadithi ya mzee ilijulikana mji mzima, maana aliirudia kila mwaka siku ya kuwakumbuka askari, kofia ya maveterani kichwani na sahani ya pai mkononi. Kombora liliipasua pua ya ndege. Mlenga mabomu wao, Stanley Pawlak wa Chicago, akafia kitini. Emery akaishikilia ndege peke yake mpaka wenzake wote waliobaki wakaruka juu ya Ubelgiji, naye akaruka mwisho. Mwili wa Pawlak haukupatikana. Mama yake alimwandikia Emery kadi kila Krismasi hadi alipokufa, akimshukuru kwa kukaa na mwanawe mpaka dakika ya mwisho. Kadi hizo nazo Verna alizifunga kwa karatasi, moja moja.

Alhamisi asubuhi alijaza beseni la kuogea maji safi ya maabara, akalilaza gauni humo. Maji yakageuka mekundu. Kutu, alijiambia, kwa sababu msomi lazima ajiambie kitu. Lakini vifungo vya gauni vilikuwa vya mfupa. Alimwaga maji, akajaza mengine. Mara ya tatu yalitoka mekundu zaidi, na vuguvugu.

Alipougeuza upindo aliona wino uliofifia: PAWLAK.

Verna alijua utaratibu wa miavuli ile, maana alikuwa ameusoma. Kila mtu alichukua wake stoo, nao ukaandikwa jina lake. Hauvaliwi muda wote, kwani mtu hawezi kufanya kazi na furushi kifuani. Unawekwa kando, na siku ya balaa unaubandika kwenye ndoana mbili za mkanda. Anayeubandika ndiye anayeishi.

Akateremka jikoni. Mzee alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

Verna alipomuuliza juu ya lile jina, alijibu kwamba yeye na Pawlak walibadilishana miavuli kimakosa stoo, vijana walikuwa na haraka. Halafu akasema Maren asilivae. Lipelekwe makumbusho, likae nyuma ya kioo.

"Baba, ameshalipenda."

"Anunue jingine. Huyo mchumba wake si anauza mbolea? Biashara ya mavi haijawahi kufa njaa."

Verna akacheka, akaona ni uchoyo wa wazee. Hapo ndipo alipokosea.

Ijumaa mchana, jua likiwaka juu ya mahindi, Maren alisimama mbele ya kioo cha chumba cha juu huku mama yake akimfunga vifungo. Vilikuwa ishirini na viwili.

"Mama, nikiruka dirishani nitatua salama?"

"Utatua kwenye haro ya babu yako. Simama wima."

Haro, lile jembe la meno la kukokotwa na trekta, ilikuwa chini kabisa ya dirisha, imepinduliwa ili inolewe, meno yake ya chuma yakitazama juu. Verna akafunga kifungo cha mwisho.

Kioo kikaganda barafu, na vioo vya dirisha navyo.

Barafu, mwezi wa Juni. Pumzi ya Maren ilitoka nyeupe. Alitaka kusema kitu, na kabla hajasema, mdomo wake ukapasuka. Hapakuwa na mkono. Kulikuwa na sauti tu ya ngumi kwenye nyama, na jino likabingirika juu ya mbao. Pigo la pili likamfumba jicho. La tatu likamvunja pua, damu ikamwagika kifuani, na hariri ikainywa. Haikubaki hata doa.

Verna alivamia vifungo. Havikufunguka. Akachukua mkasi wa kushonea, akaukandamiza kwenye mshono. Mkasi ukakatika kama biskuti na kumchana kiganja.

Kisha mkono wa kulia wa Maren ukainuka wenyewe. Ukaling'ang'ania gauni kifuani, kama mtu anayenyang'anywa kitu. Kidole kidogo kikaanza kupinda kinyumenyume. Polepole. Kikavunjika.

Maren alipiga yowe moja. Halafu sauti ikamwisha.

"Sasa cha pete," mtu alinong'ona.

Emery alikuwa mlangoni. Kidole cha pete kikavunjika.

"Cha kati."

Kikavunjika.

Verna aligeuza shingo taratibu. Baba yake hakuwa akimtazama mjukuu wake. Alikuwa akiutazama ule mkono, midomo ikicheza, kama mzee anayefuatisha wimbo anaoujua.

"Kinachofuata ni nini, Baba?"

Mzee alitazama dirisha.

Dirisha likafunguka. Upepo ukaingia, baridi kama kisu, ukinuka mafuta ya ndege na nywele zilizoungua. Gauni likajaa. Likatuna kwa chini, likavuta. Visigino vya Maren viliachana na sakafu. Verna akamrukia, akamkumbatia mapaja, kiganja chake chenye damu kikiteleza juu ya hariri. Wakaburutwa wote wawili. Hatua moja. Mbili. Chini, meno ya haro yalimetameta.

"Baba, sema."

"Pawlak alifia kitini," mzee alianza, kwa sauti ileile ya siku ya kofia na pai, "nikaishikilia ndege..."

Bega la Maren likachomoka. Verna alilisikia. Na juu ya kidirisha cha upande, katikati ya barafu, kikatokea kiganja. Kikubwa, cha mwanamume. Vidole vitatu vilikuwa vimelala kinyume, kuelekea mgongo wa mkono. Alama hiyo ingali pale. Verna ameisugua kwa siki, ameiparua kwa wembe, ameshabadilisha kioo mara mbili.

Maren alikuwa nje hadi kiunoni.

"Usiniambie mimi," Verna alinong'ona, mashavu yake yamegandamana na miguu ya mwanawe. "Mwambie yeye."

Mzee akapiga magoti. Alitembea kwa magoti hadi dirishani, akaweka uso wake karibu na kile kiganja.

"Stan," alisema. "Ulikuwa hai."

Upepo ukakatika. Gauni likanywea, Maren akaanguka ndani juu ya mama yake, akihema, damu ikimtoka puani. Lakini barafu haikuyeyuka, na mkono uliovunjika ulikuwa bado umelishika gauni. Ulikuwa ukisubiri. Emery aliuona, akafumba macho.

"Mwavuli wangu ulikuwa umeungua. Wako ulikuwa umeukumbatia. Nilikupiga, hukuachia, nikakuvunja vidole kimoja kimoja. Na ningeweza kukuacha mle ndani, Stan. Nilikusukuma nje wewe kwanza, bila mwavuli, nisije nikakusikia ukimwita mama yako."